Mbao za Kabati la Gemu

Mbao zilikuwa zinatoka maji. Evarist alikuwa amezianika uani siku nne, kwenye jua kali la Ifakara la mwezi wa kumi, na bado kila akizipangusa zilikuwa zimelowa upya na kunuka kambale.

"Mninga huu ulipasuliwa mbichi," alimwambia mkewe, Digna, akiziingiza sebuleni. "Si nimeununua Kiberege, unawajua tena wauzaji wa kule."

Alikuwa anadanganya, na wala hakukohoa.

Kwa miaka miwili fundi huyu wa redio na televisheni alikuwa akipanga kujitengenezea kabati la gemu za zamani, kama lile alilochezea ujanani Morogoro: unasimama, unashika kishikio, unapiga vitufe, kioo kiko mbele ya uso. Mchoro ulikuwa ukutani na vipimo vyake vyote. Televisheni ya chogo ilikuwepo, vitufe navyo vilikuwepo. Zilikosekana mbao tu, maana plaiwudi huvimba masika. Ndipo baba mkwe wake, Mzee Alfonsi, mvuvi wa Malinyi, akafariki. Mtumbwi wake mpana ukafunikwa kifudifudi ukingoni mwa mto, usiguswe mpaka matanga yaanuliwe na ukoo umwage pombe, kwa sababu ndani yake aliishi jini wa mto aliyekuwa akimpa mzee samaki. Ukweni kote walijua, na Evarist alijua. Alikwenda na msumeno wakati wenzake wako kanisani kwenye misa ya marehemu huyo huyo. Inatia hasira hata kuisimulia.

Jumanne saa sita mchana Digna alikuwa akipepeta mchele sebuleni aliposikia kasia likigonga ubavu wa mtumbwi. Ko. Kimya. Ko. Sauti ilitoka kwenye zile mbao. Alizisogelea, na televisheni, ambayo haikuwa imechomekwa popote, ilikuwa inawaka, na ndani ya kioo maji meusi yalikuwa yanapanda taratibu, na harufu ya tope na kambale ikajaa mpaka akashindwa kuvuta pumzi, na alipojishika kwenye ubao ili asianguke, mkono wake ukapapasa kiraka cha bati ambacho baba yake alikipigilia kwa mikono yake, Digna akiwa mtoto, akimshikia misumari.

Mumewe aliporudi alimkuta amesimama mlangoni.

"Evarist, mbao hizi umezitoa wapi?"

"Nimeshakwambia, Kiberege."

"Niangalie usoni useme."

"Mbona unanihoji kama polisi? Ubao ni ubao."

 Digna alichukia mpaka meno yakamuuma. "Kesho anakuja Bibi Merina," alisema kwa sauti ya chini. "Mwambie ukweli, twende Malinyi tukaombe radhi."

Bibi Merina, mganga kutoka Mahenge, alifika asubuhi na unga wa mtama na kibuyu cha maji.

"Shikamoo, bibi," alisema Evarist.

"Marahaba. Nani alizikata hizi? Dawa yangu inamrudisha jini kwenye mkono uliokata, na haichagui."

"Muuzaji wa Kiberege."

"Una uhakika, mjukuu wangu?"

"Kabisa, bibi."

Mganga akamgeukia Digna. "Na wewe mama, huna neno?"

Digna alimtazama mumewe. Alikuwa ananyoosha kona ya mchoro wake ukutani kwa kidole gumba, hana habari.

"Sina, bibi."

Unga ulipomwagwa kasia likaanza kugonga, polepole kwanza, halafu haraka, halafu haraka zaidi, kioo kikawaka tena, sufuria zikatikisika jikoni na maji yakachuruzika kutoka kwenye mbao hadi miguuni pao, na bibi akaendelea kunong'ona bila kupumzika mpaka kioo kikazima, sakafu ikakauka, na nyumba ikawa kimya.

Evarist alicheka, akachukua futi yake apime. Mdomo ukabaki wazi. Maji meusi yakamtoka, na sauti isiyo yake ikasema, "Mwenye nyumba yangu yuko wapi?"

"Amekufa," Digna alijibu. "Huyu ndiye aliyeipasua."

Evarist akaanguka magoti. Mikono yake ilikuwa inapiga kasia hewani, na macho yake, ambayo bado yalikuwa yake, yalimtazama mkewe.

"Naweza kumtoa," alinong'ona Bibi Merina, "lakini ni sasa hivi, kabla hajazoea. Nianze, mwanangu?"

Digna akavuta kigoda, akakifuta vumbi kwa khanga.

"Kaa kwanza, bibi," alisema. "Nikuinjikie chai."