Santuri Iliyomwita Gasaro

Jioni ile nilifunga karakana mapema kwa sababu nilikuwa nakwenda kuchagua redio.

Nasema redio ili tuelewane upesi. Nilichotaka hasa ni mtambo kamili wa muziki: mashine ya kuzungusha santuri, ampli yake ya kukuza sauti, na spika mbili za mbao. Nina miaka thelathini na sita, na maisha yangu yote sijawahi kuwa na kitu cha kupigia muziki zaidi ya simu. Lakini nina santuri ishirini na mbili. Baba yangu aliziacha Bukavu, nami nikazivusha kuja Rwanda kwa mpaka wa Rusizi ya Kwanza ndani ya katoni ya sabuni, nikaziweka chini ya kitanda miaka yote bila kuzisikia. Mke wangu Micheline husema mimi ndiye mtu pekee hapa Kamembe anayefuga muziki kama sungura.

Dukani tulikuwa tumeona mtambo mpya. Wa plastiki, mwekundu, unafungwa kama sanduku, na hata muziki wa simu unaupiga. Micheline aliupenda palepale. Mimi ni seremala, kitu nakijua kwa mlio wake. Nikaugonga kwa kidole, ukalia kama kopo tupu la maziwa.

"Hii haina kifua," nikamwambia.

"Weye unatafuta kifua ya nini?" akacheka. "Kintu iimbe tu, basi!"

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nikamwomba siku mbili nitafute kingine.

Haraka yangu ilikuwa na sababu. Micheline alikuwa na mimba ya miezi saba. Ile ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi mitano, na tangu siku hiyo nyumba yetu ilikuwa kimya, kimya cha kuumiza, miaka miwili mizima. Nilitaka huyu azaliwe kwenye nyumba yenye muziki. Tulikuwa tumeshamchagulia jina, usiku, kwa kunong'ona chini ya blanketi. Gasaro. Hatukumwambia mtu, hata mama yangu. Jina la mtoto ambaye hajazaliwa halitajwi ovyo, hujui ni nani anasikiliza.

Jirani yangu Muderhwa, anayevusha nyanya kwenda Bukavu kila siku, ndiye aliyenielekeza kwa mjane mmoja wa Gihundwe.

"Bwana yake alikuwaka na tourne-disque, mashine ya santuri ya kweli," akasema. "Lakini enda mangaribi. Mchana hafunguliake muntu mulango."

Nikaenda na santuri moja kwapani. Ilikuwa rumba, ile ambayo baba aliipiga kuliko zote nilipokuwa mdogo. Manyunyu yalikuwa yameanza. Nyumba ilikuwa ya matofali, madirisha yamefungwa yote. Nikabisha.



Nikabisha tena. Mlango ukafunguka kidogo, akatokea mama mzee mwembamba, kitenge kimefika shingoni. Alikuwa amejaza pamba masikioni, pande zote mbili.

"Mwiriwe, maman," nikamsalimu.

Hakuitazama sura yangu. Aliitazama midomo.

"Umekuya ju ya mashine," akasema. "Ingia."

Jina lake Mukankusi. Akafunua kitambaa cheupe sebuleni na mimi nikasahau manyunyu, nikasahau pamba, nikasahau adabu. Ilikuwa mbao ya libuyu tupu, ule mti mgumu wa Kongo! Pembe zimeshikana bila msumari hata mmoja. Nikagonga spika. Ikajibu kwa sauti nzito, ya kifuani.

"Naweza kuijaribu, maman?"

"Jaribu. Mi nangoja inje."

"Lakini kuko mvua."

"Nangoja inje," akarudia, akatoka, akavuta mlango nyuma yake.

Niliwasha ampli. Ilipopata moto ikatoa harufu ya vumbi na tumbaku, ile ya kiko. Nikashusha sindano juu ya santuri, na gitaa likajaa chumba kizima. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Nilimwona baba yangu amevaa singleti, anacheza peke yake.

Mwisho wa wimbo sindano ikaingia kwenye mkwaruzo. Tak... tak... Sauti ya mwanamume ikatoka chini ya gitaa, tulivu, ya mtu aliyekaa mahali pake anaita mtu wa nyumbani mwake.

"Gasaro..."

Tak.

"Gasaro..."

Nikainua sindano. Moyo ulinipiga kwa furaha, nasema kweli, kwa furaha tupu. Nikajiambia kumbe wimbo wa baba ulikuwa na jina la mwanangu tangu zamani, nami nilikuwa nimesahau tu. Hii ni ishara. Mtambo ni huu huu.

Mukankusi akarudi amelowa mabega.

"Umeitika?" akaniuliza.

"Nini, maman?"

"Nauliza kama umeitika."

"Niitike nani?"

Akanitazama midomo muda mrefu.

"Basi," akasema. "Beba."

Bei aliyotaja ilikuwa ndogo mno, hatukubishana. Kwa kitu kama kile, ilipaswa kunishtua.

*

Kesho yake jioni niliupanga mtambo sebuleni, spika moja kila upande wa dirisha. Mvua ilikuwa inatoka upande wa Bukavu, tunaiona juu ya ziwa inakuja. Micheline alikaa kwenye kiti chake, miguu juu ya kigoda, ananitania kwamba nimemletea kabati linaloimba. Sikumwambia habari ya jina. Nilitaka alisikie mwenyewe.

"Chagua weye ya kwanza," nikamwambia.

Akafumba macho, akaingiza mkono ndani ya katoni, akatoa moja. Sikuisoma hata karatasi yake. Nikashusha sindano. Waimbaji wakaanza, taratibu, wimbo wa kanisani. Harufu ya tumbaku ikapanda. Nje giza lilikuwa linaingia.

Tak... tak...

"Gasaro..."

Micheline akainua mkono, akaniita kwa jina.

"Parfait. Umesikia?"

"Sikiliza tu," nikasema huku natabasamu, mjinga mimi.

Akaitazama spika. Najua kilichokuwa kichwani mwake. Micheline amelelewa na bibi yake kule Gashonga, na bibi alimfundisha hivi: mangaribi ukisikia unaitwa mara moja, usiitike. Ngoja. Mtu mzima mwenye pumzi atarudia. Mzimu haurudii.

Tak.

"Gasaro..."

Uso wake ukaanza kulegea.

Tak.

"Gasaro..."

Mara tatu. Micheline akacheka, machozi yanamtoka, akaweka viganja vyote viwili juu ya tumbo. Mnajua mama anavyomjibia mtoto wake mchanga mgeni akimsalimu? Anabana sauti, anaifanya nyembamba, kana kwamba ni mtoto mwenyewe anasema. Ndivyo alivyofanya.

"Karame!"

Ndilo jibu la mtoto mwenye adabu akiitwa na mzazi. Maana yake, uishi sana.

Sindano ikaruka ule mkwaruzo yenyewe. Wimbo ukaendelea hadi mwisho.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba ile ya jana ilikuwa rumba.

Nikainama, nikasoma karatasi ya katikati huku inazunguka. Kwaya ya akina mama. Wanawake peke yao. Hakuna mwanamume hata mmoja katika wimbo ule. Nywele zikanisimama kuanzia kisogoni.

Nikainua sindano. Santuri ikabaki inazunguka bila sauti.

Lakini spika ya kushoto haikunyamaza.

Ilikuwa inapumua.

Nikavuta waya ukutani kwa nguvu, taa ndogo ya ampli ikazimika.

"Ndaje," ikasema spika.

Nakuja. Kwa Kinyarwanda, kwa upole, kama mzee anayeinuka kitini polepole.

Micheline alipiga kelele. Nilidhani ni kwa sababu ya sauti ile. Hapana. Mtoto alikuwa amegeuka tumboni, mzima mzima, akaangalia upande wa spika. Niliona kwa macho yangu ngozi ya tumbo inavyokwenda.

*

Asubuhi niliupakia mtambo kwenye mkokoteni, nikausukuma hadi Gihundwe mwenyewe. Mlango ulikuwa wazi. Madirisha yote yalikuwa wazi. Mukankusi alikuwa amekaa barazani anakunywa chai, na masikio yake hayakuwa na pamba.

"Kamata kintu yako, maman," nikasema bila salamu.

"Kumbe mumeitika," akasema. Alikuwa na sura ya mtu aliyelala usingizi mzuri. "Nani ameitika?"

"Muke wangu. Ameitikia mutoto ule iko mu tumbo."

Akaweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza nikaona kama amesikitika kidogo.

"Bwana yangu Kamali alikuwa anaita Gasaro wetu kila mangaribi," akasema, "akuye basikilize muziki pamoja. Mutoto akakufa na homa, na miaka tisa. Kamali akaendelea kumuita. Akakufa na yeye." Akatazama mtambo juu ya mkokoteni. "Akaendelea kumuita. Miaka kumi na moja mi nalala na pamba mu masikio."

"Ju ya nini hukuitika weye?"

"Mi si mutoto yake."

"Na ulijua! Ukaniuzishia!"

"Nilikuuliza," akasema polepole. "Nilikuuliza kama umeitika. Weye jina Gasaro ulikuwa nayo mu nyumba, mi ningejua namna gani?"

 Nikamuuliza jambo moja tu ambalo kweli nilitaka kulijua.

"Anataka nini?"

"Mutoto yake. Baba anatakaka nini ingine?" Akanigusa mkono, na mkono wake ulikuwa wa moto. "Usiogope, mwana wangu. Hatamufanyia mubaya. Alikuwa anamupenda sana."

Afadhali angesema anataka kumuua. Nilijua la kumwombea mtoto anayetishwa na kifo. La kumwombea mtoto anayependwa na maiti silijui hadi leo.

Akaukataa mtambo. Alisema aliyeitikiwa haishi tena mle, sasa ni mbao tu. Nikaupasua kwa shoka karakanani na kuuchoma. Libuyu iliwaka kwa shida, na tumbaku ilinuka mtaa mzima hadi watu wakauliza nani anavuta kiko.

Tukalibadilisha jina. Tulikubaliana kwa kuandika kwenye karatasi, bila kutamka, kisha tukaichoma karatasi: Tuyishime. Ile Gasaro hatukuitaja tena, si kwa maneno, si kwa midomo. Miezi miwili tulikula kwa hofu, tukalala kwa zamu, Micheline ameshika rozari na mimi nimeshika nyundo, kana kwamba nyundo ingefaa kitu.

Na mtoto akazaliwa. Mzima! Msichana, anapiga kelele za kuvunja dari. Nililia mbele ya manesi wote. Nilimhesabu vidole mara mbili, nikambusu kila kimoja, nikamwambia Micheline, imekwisha, tumemshinda.

*

Siku ya nane ni ya kumpa mtoto jina. Huku kwetu watoto wa majirani wanaalikwa, wanakula pamoja kwenye ungo mmoja, halafu kila mmoja anamtajia mtoto jina analoona linamfaa. Ni mchezo wa kuchekesha, wengine hutaja hata majina ya wachezaji mpira. Mwishoni baba anasimama na kusema lile lenyewe. Walikuja tisa. Micheline alikaa kwenye mkeka na mtoto mapajani, amependeza, anacheka tena kama zamani. Pembeni yake palikuwa na kiti kimoja ambacho hakuna mtu aliyekikalia.

Akaanza Vanessa, binti wa Muderhwa, mwenye miaka kumi.

"Gasaro," akasema.

Watu wakapiga makofi. Mimi nikashika ukuta. Ni jina la kawaida, nikajiambia. Wasichana wangapi wanaitwa hivyo Rusizi nzima?

Wa pili akafuta mdomo.

"Gasaro."

Wa tatu. "Gasaro."

Wakubwa wakacheka, wakadhani watoto wamepanga utani. Kwa wa tano hakuna aliyecheka. Micheline alikuwa amemfunika mtoto kichwa na kitenge, ananitazama mimi, midomo imekauka. Wa sita. Wa saba. Wa nane. Wote jina lile lile, kwa adabu, mmoja baada ya mwingine.

Wa mwisho alikuwa Hugues, wa miaka minne. Nikachuchumaa mbele yake kabla hajafungua mdomo. 

"Hugues, mwana. Nani amebaambia hii jina?"

"Papa ya mutoto," akasema.

"Papa ya mutoto ni miye."

Akanitazama kwa huruma, namna watoto wanavyomtazama mtu mzima aliyekosea kitu rahisi. Kisha akatazama kile kiti kilichokuwa karibu na Micheline.

"Hapana," akaninong'oneza. "Ule ingine."