Kidani cha Tatu

Saa mbili asubuhi.

Chumba cha nyuma kilikuwa na meza, viti vinne na dirisha lililozibwa kwa bati. Sakafuni palitandazwa turubai jipya, bado lina mikunjo ya dukani. Ukutani liliegeshwa kopo la rangi, brashi juu yake.

"Nani anapaka rangi?" aliuliza Dereva.

"Mwenye nyumba, kesho. Tusimharibie sakafu. Kaeni."

Aliyejibu walimwita Kocha. Zamani aliwahi kufundisha timu ya mtaa. Katika miaka yake yote ya wizi alikuwa hajalala rumande hata usiku mmoja. Wachezaji wake walikuwa wamelala.

Alichora mezani kwa chaki.

"Duka la sonara. Chini mabawabu wawili. Wanakagua mikoba wakati wa kutoka, mikoba tu. Juu kuna chumba cha wateja wakubwa, hakina kamera. Matajiri hawapendi kutazamwa wakichagua. Nimeweka miadi: baba na binti yake anayeolewa. Vitaletwa vidani vitatu. Viwili vidogo vinaingia kwenye soksi zangu. Cha tatu ni kikubwa, hakifichiki. Kinatoka shingoni mwa bibi harusi."

Wote walimtazama dada yake Dereva. Jina la Bibi Harusi alikuwa amepewa jana tu. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwenye duka la dobi, na kwa pasi hiyo alimlea mdogo wake tangu wazazi wao walipofariki.

"Bibi harusi mwenye mvi mbili," alisema. "Watanicheka."

"Wenye hela huolewa umri wowote," alisema Fundi, bingwa wa kufuli. "Bwana harusi yuko kwenye gari, injini inanguruma."

"Koma wewe, huyu ni dada yangu," alisema Dereva, na wote wakacheka. Kisha akamwinamia dada yake. "Unavaa, unatembea, unavua. Hayo tu, dada."

"Una hakika?"

"Ningekuleta kama sina?"

Fundi alikuna kichwa. "Mbona sioni kufuli kwenye mchoro huu? Mimi nafanya nini?"

"Unabaki hapa," alisema Kocha. "Kila timu ina mchezaji wa akiba."

Saa tano.

Muuzaji alikuwa mama wa makamo, glavu nyeupe mikononi. Alikinyanyua kidani cha tatu kama anayenyanyua kichanga. Kilikuwa pete moja nene ya platini, ngumu, imepandwa yakuti za buluu kuzunguka shingo nzima. Kilimkaa Bibi Harusi bila kuacha nafasi ya kidole. Nyuma ya shingo kikalia: tik.

Kocha alikuwa akiusubiri mlio huo. Ndipo akatoa bastola.

Hakuna aliyepiga kelele. Muuzaji alifungwa mikono na mdomo kwa utepe, akalazwa nyuma ya kochi. Bibi Harusi alijitanda mtandio mpaka kidevuni. Mlangoni bawabu alipekua mkoba wake, akakuta kitana na leso.

"Hongera, dada," alisema bawabu.

"Asante."

Garini Bibi Harusi alianza kukivuta kidani. Alizungusha, akapapasa nyuma, akavuta tena.

"Hakivuliki. Kinanibana."

"Fundi atakitoa," alisema Kocha, akitazama nje.

Saa sita kasoro.

Walimketisha katikati ya chumba. Fundi alichungulia kwa kioo cha kukuzia, akachokoa kwa sindano, akatoa nyingine, kisha akazirudisha zote mfukoni.

"Kina kufuli. Sijawahi kuona ndogo hivi. Siiwezi. Ufunguo uko kule dukani."

"Kikate basi," alisema Dereva.

"Kikikatwa ni chuma chakavu," alisema Kocha. "Mnunuzi anataka kizima."

Fundi aliinua macho. "Ulijua kinafungwa kwa ufunguo?"

"Nimekisoma mwezi mzima. Kocha asiyeijua timu pinzani ni kocha gani? Dereva, mletee dada yako maji ya sabuni. Labda kitateleza."

Beseni lilikuwa nyuma ya kopo la rangi. Dereva alilisogeza kopo kwa mguu, nalo likapaa kama karatasi. Lilikuwa tupu na kavu. Nyuma yake, ndani ya gazeti, palikuwa na msumeno wa bucha.

Alitazama turubai. Miguu yote minne ya kiti cha dada yake ilikuwa juu yake. Kidani kisichopita kichwani kilikuwa na njia moja tu nyingine ya kutoka.

Fundi aliuona msumeno. Akageukia ukuta.

"Dada, simama," alisema Dereva.

"Kaa," alisema Kocha, bastola mkononi.

Dereva alimrushia Kocha kopo usoni. Risasi ya kwanza ilitoboa bati la dirishani. Ya pili ilimwingia Dereva chini ya mbavu. Hakusimama. Alimsukuma dada yake mlangoni, akamtupa garini, akaondoka kwa kasi.

"Damu! Twende hospitali!"

"Dukani."

"Kule kumejaa askari!"

"Kule kuna ufunguo. Kocha atakutafuta hadi akupate, kwa sababu ya hicho. Na mimi sitakuwepo."

"Nyamaza. Endesha."

Saa sita na robo.

Gari lilisimama mbele ya duka taratibu, taa ya kuashiria ikiwaka, kama la mteja yeyote. Bibi Harusi alishuka, mikono juu. Askari wakamlaza kifudifudi. Muuzaji aliletwa, alama za utepe bado zipo mashavuni. Ufunguo ulizunguka mara moja tu.

"Pole," alisema muuzaji kwa mazoea.

"Mtazameni mdogo wangu, yuko garini."

Askari mmoja aliinama dirishani. Akazima injini mwenyewe, akazima na taa. Mwenzake alimfunga Bibi Harusi pingu.

Aliwaeleza yote, na nyumba akawaelekeza. Walipoingia chumba cha nyuma, Kocha hakuwepo, wala vidani viwili. Fundi alikuwa amelala katikati ya turubai, risasi moja kisogoni.

Walipolikunja kumtoa, sakafu ilikuwa safi.