Mwavuli wa Kishada

Katibu wa klabu ya warukaji wa miavuli alimpigia simu mzee Nanga saa nne asubuhi. Kufikia saa tano mzee alikuwa ameshanyoa ndevu, ameshapiga pasi shati, na amekaa kitandani na viatu miguuni, akingoja jioni ifike.

Si kwamba shughuli ilikuwa kubwa. Chumba cha kukunjia miavuli kilikuwa kinabomolewa keshokutwa, na ndani mlibaki kabati la vifaa vya zamani ambavyo warukaji wa siku hizi hawakuvijua. Katibu alitaka mtu wa kumwambia kipi kiwekwe kwenye sanduku la kioo pale ofisini na kipi kitupwe. "Nusu saa tu, mzee wangu," alisema. Lakini kwa mtu aliyefiwa na mke miaka sita iliyopita, mtu ambaye binti yake hupiga simu Jumapili hadi Jumapili kutoka ng'ambo, nusu saa ya kuhitajiwa si haba.

Jina la Nanga alipewa na wenzake. Alikuwa pande la mtu, na wakiruka pamoja yeye ndiye aliyetangulia kugusa ardhi. Alikuwa ameruka kutoka kwenye ndege mara elfu mbili na mia tatu. Sasa magoti yalimkumbusha kila mruko, hasa kwenye ngazi.

Saa kumi na moja jioni katibu alimfungulia mlango.

"Umeme wameshaukata," alisema, "ila mwanga wa dirishani utakutosha mpaka magharibi. Ukimaliza uvute mlango tu, utajifunga wenyewe. Vitu vingi vimeandikwa majina. Lile gunia la chini ndilo lina namba tupu. Labda wewe utalijua."

"Nitaliangalia, mwanangu."

Gari la katibu likaondoka. Kimya kikaingia kama mtu mwenye nyumba.

Kilikuwa chumba kirefu kama ukanda, na katikati yake meza moja, hatua kumi na tano kutoka ncha hadi ncha, mbao zake zimelainishwa na vitambaa vilivyoburutwa juu yake miaka nenda miaka rudi. Kulinuka nailoni, mipira iliyooza, na vumbi. Nanga akafungua kabati.

Kofia ngumu ya Padri. Hakuwa padri hata kidogo. Alikuwa fundi bomba, ila alisali kwa sauti tangu ndege inapoondoka mpaka miguu yake inapogusa chini, na akitua kwenye miiba alitukana matusi ya kufuta sala zote. Saa ya kupimia kimo ya Mwalimu, kioo chake kimepasuka. Yeye alihesabu sekunde hewani kwa ukali, kama anaita majina darasani. Mkasi wa Bi Sindano, aliyeshona miavuli iliyochanika na kumgombeza kila aliyeichana. Wote walishuka salama kutoka mawinguni. Wakaja kuangushwa na sukari, na usahaulifu, na sakafu ya bafuni.

Nanga alijikuta anacheka peke yake. Kisha akaacha. Kicheko cha mtu mmoja katika chumba kile kilirudi kikiwa kibaya.

Akainama. Akalivuta gunia.

Lilikuwa limefungwa kwa waya na kibandiko cha watu wa uchunguzi. Halikuwa limefunguliwa kwa miaka ishirini na miwili. Alijua kilichomo kabla hajakata waya. Vidole vilijua.

Kitambaa cheupe na cha chungwa. Mikanda. Udongo mkavu.

Kishada.

Kishada alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, kama watu wanavyopenda kusema bila kufikiri wanasema nini. Mwembamba, mwepesi, upepo ulimbeba atakavyo. Ndiyo maana ya jina. Alipenda kutafuna peremende za mnanaa kabla ya kuruka. Nanga akishatua, humwona bado yuko juu anaelea, anapiga kelele, "Aliye juu mngoje chini!" Na Nanga humngoja. Kila mara alimngoja.

Kishada alikuwa na uvivu mmoja: hakupenda kukunja mwavuli. Mara nyingi Nanga alimkunjia, maana Nanga ndiye aliyefundisha wengine kukunja. Ndiye aliyewapiga vijembe waliokosea.

Ile siku ilikuwa ya maonyesho, watu wamejaa uwanjani. Usiku wa kuamkia siku hiyo Nanga alikuwa amekunja mwavuli wake mwenyewe haraka haraka, ana hasira za nyumbani, na wakati anafunga mkoba alihisi kamba moja imekaa vibaya. Ni hisia tu. Asubuhi hapakuwa na muda wa kuufungua. Rubani ameshawasha injini. Na yeye, mwalimu wa kukunja, aseme mbele ya watu kwamba anautilia shaka mwavuli alioukunja mwenyewe?

Mikoba miwili ilining'inia ukutani, inafanana kama mayai. Wake ulifungwa kitambaa chekundu, wa Kishada cheupe. Nanga akatazama huku na huku. Akabadilisha vile vitambaa.

Alijiambia Kishada ni mwepesi, atatua tu. Alijiambia ni hisia tu.

Mwavuli mkubwa ulijisokota. Ule wa akiba ulipofunguka ukaviringana nao. Nanga alikuwa ameshatua. Alikuwa amesimama chini, akimngoja.

Uchunguzi ulisema kamba zilipishana, na marehemu alijulikana kwa uzembe wa kukunja. Kesi ikafungwa. Hakuna aliyeuliza habari za vitambaa.

Sasa mzee alisimama mbele ya gunia, na wazo likamjia ambalo hakuwahi kuthubutu kuliwaza. Huenda kamba zake zilikuwa sawa mkobani, zikapishana hewani tu. Huenda Kishada alivuta vibaya, au upepo ulimzidi. Huenda yeye Nanga alijitesa bure miaka yote hii. Kamba iliyokunjwa vibaya ikipita juu ya mwavuli huacha alama ya kuungua kwenye kitambaa. Mtu anayejua akiutandaza tu, ataona.

Akautandaza mezani. Kilele cha mwavuli akakitia kwenye ndoano ya ncha hii, mikanda akaiburuta mpaka ncha ile. Jua lilikuwa limeshagusa paa la banda la ndege. Akarudi kwenye kitambaa, akainama kuangalia.

Hakuona kitu. Kamba zililegea, zimelala ovyo kama tambi sufuriani. Kazi ile ni ya watu wawili: mmoja kwenye kitambaa, mwingine upande wa pili, ashike mikanda na kuvuta, kamba zinyooke. Na yeye alikuwa peke yake.

"Na nani sasa anishikie," alinung'unika.

Trrrk.

Vifungo vya chuma vilikwaruza ubao, kule mwisho wa meza.

Kamba zikatikisika. Moja... kisha zote. Zikainuka polepole kutoka mezani, zikanyooka, zikakaza. Zikawa ngumu kama waya za gitaa.

Nanga hakuinua macho. Mrukaji hufundishwa kutazama kilicho mbele yake. Akatazama kitambaa.

Ikaja harufu ya mnanaa.

"Imekaza?"

Sauti ya chini, ya kawaida kabisa, ya mtu aliyechoka kidogo. Na mdomo wa Nanga, ambao ulijibu swali lile mara elfu kwenye meza hii hii, ukajibu kabla yeye hajauzuia.

"Imekaza."

"Haya. Angalia."

Akaangalia. Kamba ya saba haikwenda mahali pake. Ilipanda juu ya kitambaa, ikakivuka, ikashuka upande wa pili. Na chini yake, kutoka ukingo hadi ukingo, palikuwa na mstari wa kahawia, mwembamba, mgumu kwa kidole. Kitambaa kilikuwa kimeungua.

Basi haikuwa hisia tu.

Akashika ukingo wa meza. Kwa pembe ya jicho aliona mikanda kule mwisho, imeinuka kiganja kimoja juu ya ubao. Nyuma yake palikuwa na giza la kona, na giza lile lilikuwa limesimama.

"Kishada..."

Kamba zilitetema kidogo, kama zinavyotetema wakati mkono wa mtu umechoka kuvuta.

"Kishada, ndugu yangu. Nilibadilisha vitambaa."

"Najua."

"Ulijua?"

"Nilikuona."

"Uliniona... na bado ukauvaa?"

Jibu halikuwa na hasira. Bora lingekuwa nayo.

"Nikadhani umenipa ulio bora."

Kamba zikaanguka zote kwa pamoja. Vifungo vikagonga ubao. Harufu ikatoweka, kukabaki nailoni na vumbi, na mzee mmoja analia bila sauti juu ya kitambaa cha watu wa uchunguzi.

Hakukunja kitu. Alitoka nje, akavuta mlango, ukajifunga.

Mjane wa Kishada, Mama Mapacha, aliishi mitaa mitatu kutoka pale. Tangu mazishi Nanga hakuwahi kukaa kwake zaidi ya kikombe kimoja cha chai. Kila mara alikuwa na pahali pa kuwahi. Sasa alienda moja kwa moja, haraka, kama mtu anayebeba maji kwenye viganja. Akichelewa yatamwagika, na hatayapata tena.

Mama Mapacha alifungua mlango kabla hajabisha.

"Shemeji," alisema. Uso wake ulikuwa umesawijika. "Ingia."

Chumba kilikuwa safi, taa imewashwa, na mezani palikuwa na vikombe viwili. Nanga hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama: hasira za nyumbani, kamba, aibu, vitambaa, na sasa hivi, kule mezani. Mwanamke alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Mara moja tu alimkatiza.

"Alisema nini? Maneno yenyewe."

Nanga akamwambia.

Mama Mapacha akaitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyesomewa barua aliyoijua. Kisha akaelekeza kidole kwenye kiti kilicho upande wa pili wa meza.

"Kile kiti," alisema, "huvutwa kila jioni jua likizama. Kinavutwa, kinakaliwa. Namsikia anavyopumua. Nikiamka asubuhi kimerudi mahali pake. Miaka ishirini na miwili, shemeji. Sijamwambia mtu, hata wanangu. Wangeniita mwendawazimu, au wangeniletea mtu wa kumfukuza. Mimi sikutaka afukuzwe."

Kiti kilikuwa kimesukumwa ndani kabisa, kimegusa meza. Chai ya kikombe cha pili ilikuwa imeganda utando.

"Leo hakikuvutwa," alisema.

Hapo akanyanyua macho. Hakumtazama Nanga. Alitazama juu ya bega lake la kushoto, kwenye mlango uliobaki wazi. Uso wake ukabadilika, ukawa wa msichana.

"Mbona umesimama nje?" alinong'ona. "Ingia, baba. Chai yako hii."

Nanga hakugeuka. Wakangoja wote wawili. Nje mbwa alibweka mara moja, akanyamaza ghafla.

Kiti hakikusogea.

Mama Mapacha akangoja tena. Akakivuta kiti yeye mwenyewe, akakipangusa kwa kiganja. Akangoja. Mwishowe mabega yake yakashuka.

"Hataki," alisema.

"Shemeji, nisamehe..."

"Kuua, uliniulia." Hakupandisha sauti. "Nikabaki naye hivyo hivyo, nikashukuru. Sasa hata huyo umemchukua. Toka nyumbani kwangu."

"Nitamrudisha vipi? Niambie, nitafanya."

"Ningejua kumrudisha mtu aliyekufa, ningekaa hivi? Toka, Nanga. Nendeni."

Alikuwa ameshatoka barabarani, anatembea, kabla hajalisikia vizuri lile neno la mwisho.

Taa za mtaani zilikuwa zinaanza kuwaka. Kulikuwa na joto, na watu wachache, kila mmoja anawahi kwake. Kwenye kona, fundi viatu alikuwa anakusanya zana zake sandukuni. Alimzoea mzee, kila siku walisalimiana. Akainua kichwa, akasogeza benchi lake kidogo kupisha njia, zaidi ya anavyohitaji mtu mmoja kupita.

"Shikamooni, wazee."

Nanga akasimama. Angeweza kumsahihisha. Angeweza kumuuliza anaona nini. Alimtazama fundi, naye fundi alikuwa ameshainama tena kwenye sanduku lake, anatafuta msumari uliodondoka.

"Marahaba," alijibu.

Alipofika kwake aligeuza ufunguo, akasukuma mlango. Nyumba ilikuwa giza na haikuwa na sauti yoyote, kama ilivyokuwa kila jioni kwa miaka sita. Mzee akasogea kando ya kizingiti. Akahesabu mpaka tatu, taratibu. Kisha naye akaingia, akafunga.