Simu Iliyosema ya Moyoni

Sonia, muuza mawese, hakuitikia salamu. Malaika alimsalimu mara ya pili, akidhani kelele za pikipiki zimemzuia kusikia, lakini mwanamke yule alifunika chupa zake kwa kitambaa na kumpa mgongo. Walikuwa wamecheza pamoja utotoni, kwao Kabambare. Malaika alirudi nyumbani bila mafuta, akijiuliza amemkosea nini.

Alikuwa mshonaji, na sifa zake zilikuwa zimeenea Kasongo, hasa tangu mumewe Iliasi alipomletea ile simu. Iliasi alisafirisha bidhaa kwa pikipiki mpaka Wamaza. Simu aliinunua Lusangi kwa mjane wa mnunuzi wa dhahabu, ambaye alimkabidhi ikiwa imeviringishwa kitambaani, akaingia ndani upesi na kufunga mlango. Ilikuwa simu ya kitajiri. Ilianguka kwenye sementi isipate hata mkwaruzo, na picha zake zilionyesha kila tundu la sindano. Wateja wakiona nguo zao humo, kesho yake walileta dada zao.

Ubaya wake ulikuwa ndani. Ilikuwa imezeeka, na programu zilikuwa zikiikimbia moja moja. Ile ya kutumiana sauti ndiyo iliyotangulia kugoma. Malaika aliipeleka sokoni kwa Clovis, fundi wa simu, naye akahangaika nayo kitambo kabla ya kuirudisha.

"Mama, mwili wake iko muzuri, lakini kichwa kimezeeka," alimwambia. "Wenye kuitengeneza waliisha kuiacha. Haipokei kitu kipya, na milango yake haijifungi tena. Kila kitu kinaweza kuingia."

Alikuwa anasema juu ya wezi wa mitandao. Malaika hakujali, yeye alitaka picha tu.

Jioni ya siku ile ya Sonia, mama mkwe wake alikuja na kisimu chake mkononi. Alikiweka mezani, akabonyeza. Ikatoka sauti ya Malaika, pamoja na ule mkwaruzo wa koo unaotokana na vumbi la vitambaa, ikimwita mama yule kupe aliyeng'ang'ania mgongo wa mwanawe. Malaika aliapa kwamba hakutuma, kwamba simu yake haiwezi hata kutuma. Iliasi akajaribu mbele yao, na kweli programu ilikataa kufunguka. Mama mkwe hakutazama.

"Sauti ya mutu inajulikana," alisema polepole. "Na miye nilikuita mutoto wangu."

Kumbe Sonia naye alikuwa amepata yake. Nyingine zikafuata, kila moja ikienda kwa yule itakayemchoma zaidi. Jambo lililomtisha Malaika, ambalo hakuthubutu kumwambia mtu, ni kwamba maneno yale yalikuwa yake. Aliwahi kuyawaza siku za hasira, akayameza, akamwomba Mungu msamaha.

Kisha ikamfikia Waridi, dada yake Iliasi, aliyekuwa amezika kichanga mvua zilipoanza. Sauti ya Malaika ilimwambia kwamba mtoto hakuugua. Waridi mwenyewe alimlalia usingizini. Waridi alianguka uani, na wanawake wakambeba. Mama mkwe akatamka kwamba mwanamke huyu arudishwe kwao Kabambare. Tangu hapo Iliasi alilala akiutazama ukuta.

Malaika aliizima simu, akaitia sandukuni chini ya vitambaa, akafunga kwa kufuli. Adhuhuri ya kesho yake, jua likiwa kali na nyumba ikiwa tupu, alikuwa akishona barazani aliposikia mtu akizungumza chumbani, akasimamisha cherehani kwa kiganja, na ukimya ulipotanda akaitambua sauti kuwa ni yake mwenyewe, ya chini, isiyo na haraka, ikihesabu majina ya watu wa nyumba ile na siri za kila mmoja, ikitua pale anapotua yeye, ikivuta pumzi pale anapovuta yeye, na harufu ya tope bichi la shimoni ikaja pamoja nayo, ikaongezeka kila alipokaribia mlango, mpaka alipoweka mkono kwenye pazia, ndipo sauti ikanong'ona, "Nyamaza. Mwenyewe amefika."

Iliasi alimkuta amekimbilia barabarani, bila viatu. Aliposimuliwa, alimpandisha pikipiki, wakaenda kumleta Mwalimu Amisi, aliyejulikana kwa kusomea wagonjwa.

Mwalimu aliilaza simu kwenye beseni la maji ya kombe, yaliyooshea aya zilizoandikwa sahanini, ikiwa bado imezimwa, akasoma mpaka maji yakaanza kutetemeka. Akauliza ni nani.

"Mimi ni Malaika," ikajibu.

"Malaika iko hapa, ameketi."

"Yule ni wa mdomoni. Mimi ni wa moyoni."

Mama mkwe, aliyesimama mlangoni, alishika kichwa. Mwalimu akapandisha sauti, akasoma bila kupumzika, jasho likimtiririka kifuani, na kioo kile ambacho sementi haikukiweza kikapasuka kwa kishindo, moshi wenye harufu ya nywele zilizoungua ukatanda chumbani, wote wakakohoa. Vipande vilizikwa mbali na mji. Iliasi aliuliza kile kitu kimekwenda wapi. Mwalimu alisema yeye amekitoa simuni, basi.

Wiki ikapita kwa amani. Mama mkwe aliomba radhi. Iliasi aliacha kuutazama ukuta.

Mwishowe akaja Waridi, amekonda, akaketi mkekani karibu na Malaika na kumshika mikono yote miwili. Malaika alikuwa ameandaa maneno ya pole kwa siku nyingi. Alipotaka kuyasema, alihisi kitu cha moto kikigeuka chini ya ulimi wake, kikijinyoosha, na maneno mengine, ambayo hakuyaita, yakaanza kupanda kooni yakisukumana.

Akafumba mdomo.

"Sema tu, wifi," Waridi alimbembeleza. "Miye nimeisha kusamehe."

Malaika aliuma ulimi mpaka damu ikajaa mdomoni, akatikisa kichwa, akijaribu kuchomoa mikono yake ili ajizibe, lakini Waridi aliishika kwa upendo wala hakuiachia, na taratibu, bila mwenyewe kutaka, taya lake likaanza kufunguka.