Wangu Huyo

Jioni ile Mama Kola alifika nyumbani akakuta binti yake ameshaoga, vyombo vimeoshwa, na nywele za mtoto zimesukwa mistari iliyonyooka, kazi ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kupata nafasi ya kuifanya tangu aanze kuvuka mpaka kwenda kazini.

"Umesahau nini tena?" mume wake, fundi redio, akauliza bila kuinua macho. "Si umetoka hapa sasa hivi?"

"Nani katoka?"

"Wewe. Umesema unakwenda kuanua nguo."

Akachungulia uani. Nguo zilikuwa bado kwenye kamba, na chini yake palinuka udongo uliolowa, ingawa mvua haikuwa imenyesha siku nyingi. Mtu mwingine angeshtuka. Lakini mtu aliyeamka alfajiri, akapanga foleni geti la kwanza, akatembea mpaka geti la pili, akapanga foleni tena, akashona kutwa kwenye kiwanda cha mashati cha nchi ya jirani, kisha akarudi kwa foleni zile zile, hushtuka kwa nguvu gani? Akala, akalala.

Jina lake lilitoka kiwandani. Wenzake walishona mikono, wengine vifungo. Yeye alishona kola tu, na sidhani kama aliwahi kuona shati zima likiisha.

Kesho yake ikawa vilevile. Nyumba imetulia, mtoto ameshiba, na mume, ambaye kwa kawaida neno "asante" humtoka kwa shida, anamshukuru kwa mambo ambayo hakuyafanya. Tuseme ukweli, mwanzoni alifurahi. Nani hapendi kufanyiwa kazi? Akanyamaza, akaacha mambo yaende.

Mpaka jioni moja binti yake alipomfungulia mlango na kusema kwa adabu, "Karibu, shangazi."

"Mimi ni mama yako."

"Mama yuko uani," mtoto akanong'ona. "Kasema ukija nisikusogelee. Eti unanuka mashine."

Siku ya mapumziko akaenda kwa mganga. Mganga hakurusha chochote wala kuchoma chochote. Alimsikiliza, kisha akauliza, "Umemvusha nani?"

"Sijavusha mtu."

"Fikiri vizuri."

Akafikiri, na hapo ndipo alipokumbuka. Kati ya mageti mawili kuna kipande cha barabara kisicho na taa, kimejaa mashimo, kwa sababu serikali hii inasema ni cha ile, na ile inasema ni cha hii. Jioni watu huwa wengi, na askari hakagui kadi za kuvukia za wale anaowaona kila siku. Humtazama wa mbele na kumuuliza, "Na huyo nyuma?" Wa mbele hujibu, "Wangu huyo," nao hupita wote wawili. Ndivyo walivyosaidiana, hasa mtu kadi yake ikiisha muda. Jioni moja Mama Kola alikuwa anasinzia amesimama. Alisikia ndala zikiburuzwa na kusimama nyuma yake, na askari alipouliza akajibu, "Wangu huyo," bila kugeuka. Tangu hapo akawa anajibu hivyo kila jioni, kwa mazoea.

"Pale kati hapana mwenyewe," mganga akasema kwa sauti ya chini. "Wapo waliokaa pale kabla ya hayo mageti. Hawapiti mpaka mtu awaite wake. Asubuhi anakufuata akirudi kwao pale kati, na jioni unamvusha tena. Wewe unasimama kungoja gari la kurudi nyumbani, yeye hangoji, ndiyo maana anakutangulia. Mkatae palepale unapomkubali."

Jioni iliyofuata akaingia kile kipande giza likianza kushika, na kabla hajafika mbali akazisikia ndala, zikiburuzika alipotembea na kunyamaza aliposimama, na harufu ya udongo uliolowa ikampanda kutoka nyuma mpaka kisogoni, ikawa nzito kiasi kwamba alihisi anaimeza, na kitu kikawa kinaimba chinichini karibu na sikio lake wimbo ule ule ambao binti yake alikuwa akiuimba siku hizi akicheza, na watu waliokuwa mbele yake wakawa wanapungua, mmoja mmoja, mpaka akabaki yeye na taa ya askari.

"Na huyo nyuma?"

"Simjui," Mama Kola akasema.

Askari akainua tochi juu ya bega lake. Akaishusha haraka.

"Pita," akanong'ona. "Pita, dada, na usigeuke."

Akapita peke yake. Nyumbani hakukuta mtu uani. Alikuta mtoto analia.

Akalia kesho yake pia. Akakataa chakula, akakataa kuogeshwa, akawa anakaa mlangoni mashavu yamebonyea. Mama Kola akajaribu kumsuka, ila vidole vyake vilikuwa vimeshazoea kola.

"Unanivuta," mtoto akasema. "Mama yangu yuko wapi?"

Swali hilo lilimuuma, akajua limemuuma, lakini maumivu yenyewe aliyasikia kwa mbali, kama kelele za nyumba ya jirani.

Wiki ikakatika. Jioni moja akamkuta mume ameziacha redio zake, amekaa mikono magotini.

"Leo nilikwenda mpakani," mume akasema.

"Kufanya nini?"

"Nilivuka, nikarudi. Askari mgeni, simjui. Akaniuliza habari ya wa nyuma."

"Ukamjibuje?"

Mume akatazama sakafu. "Mtoto hali, mke wangu. Wewe unatoka kabla hajaamka, ukirudi umeshakwisha. Yule hata kama si mtu, alikuwepo."

Mama Kola akaitafuta hasira. Alijua ilipaswa kuwepo mahali fulani. Akaikosa.

Harufu ya udongo uliolowa ikaanza kuingia chini ya mlango. Ndala zikaburuzika uani, zikasimama. Mtoto akaketi kitandani, akafuta macho, akatabasamu.

Mlango ukagongwa, taratibu, kwa adabu.

Mume hakuinuka. Mama Kola akaenda kufungua mwenyewe. Akajibanza ukutani kumpisha apite, kisha akavua viatu na kwenda kulala, kwa sababu kesho kulikuwa na foleni.