Mlango Uliochomelewa

Gauni la kijani la msusi lilinasa kwenye komeo la mlango katikati ya umati wa mchana, na watu wakaanza kutafuta nafasi nzuri ya kuchekea.

"Usivute, dada. Ukivuta, nusu ya gauni itabaki hapa iwe kumbukumbu."

Aliyesema ni fundi wa kuchomelea, kijana mrefu aliyevaa ovaroli yenye matundu ya cheche. Milango yote iliyosimama pale uwanjani aliiunda yeye. Ilikuwa milango ya chuma isiyo na nyumba, kila mmoja una jina la ukoo uliowaficha wapiganaji enzi za vita, wavamizi walipoushika mji. Mtu husoma jina, husukuma, hupita.

"Natafuta mlango wa bibi yangu," msusi alisema. "Aliwaficha watu uvunguni."

"Kumbe nimewaundia mlango wakwe zangu bila kujua!"

"Wakwe zako wa wapi, we? Hebu ninasue." Lakini alicheka, na namba akatoa.

Tangu hapo simu haikupoa.

"Umekula, mpenzi?"

"Nasuka kichwa cha mtu, nitakupigia."

"Na changu utakisuka lini?"

"Kipara hicho, baba? Nikishike wapi?"

Moyoni msusi alishamaliza: huyu ndiye. Jumamosi moja akamleta bibi yake, mwenyewe kavaa gauni jeupe na viatu vipya vinavyombana. Bibi akalipapasa jina la ukoo wao, akasukuma. Mlango haukutikisika. Akasukuma tena. Pembeni ulikuwa umechomelewa, chuma bado kinang'aa.

Nyuma yao baba mmoja aliwaambia wanawe, "Huo haufunguki. Basi hao ndio waliowafungia wapiganaji nje."

Bibi akauondoa mkono polepole, akaenda kukaa kwenye benchi.

Msusi akampigia fundi simu. "Umeuziba mlango wetu?"

"Jana upepo uliupiga ukambana mtoto vidole, mpenzi, nikaona—"

"Ukaona uwatangazie watu kwamba sisi ni wasaliti!"

Akakata. Simu ikaita, ikaita tena, akaiangalia tu. Angeishije na mwanamume aliyemfungia bibi yake nje? Na moyo alishampa, ataurudishaje?

Kabla chozi la bibi halijakauka, fundi akatokea mbio, shati kaligeuza nje ndani, mashine ya kukatia chuma mkononi. Hakumtazama msusi. Alikwenda moja kwa moja kwenye benchi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe uliyenifungia nje?"

"Ni mimi. Niliwaza vidole vya mtoto, sikuliwaza jina lenu. Nisamehe, bibi yangu."

Kisha akaugeukia umati, akapaza sauti hadi wauza maji wakanyamaza. "Jamani! Mlango huu nimeufunga mimi, kwa ujinga wangu. Nyumba hii haikumfungia mtu!"

Yule baba aliyesema mwanzo akavua kofia, akamwomba bibi radhi.

"Haya, kata," bibi akasema. "Nilikesha nikingoja askari waondoke, watu wamejaa uvunguni. Nitashindwa kukungoja wewe?"

Cheche zikaruka. Chuma kikalia, kikaachia. Bibi akasukuma kwa kidole kimoja, akapita, akageuka kwa maringo.

"Mke mwenzangu, unapita, au nimchukue peke yangu?"

Upepo ukavuma. Fundi akauzuia mlango kwa mgongo, jasho linamtiririka.

"Nitaushika mpaka lini, mpenzi?"

"Mpaka useme ulichokuwa unakizungusha kwenye simu wiki nzima."

"Nataka kukuoa," akanong'ona.

"Ala! Makosa unatangaza, mapenzi unanong'ona?"

Fundi akajaza kifua, akatangaza. Uwanja mzima ukapiga vigelegele. Msusi akapita mlangoni, akajikuta anacheka huku amemshika bibi yake kiunoni.

"Nimekubali," alisema. "Sasa geuza shati, unanitia aibu."