Pete ya Kutu Chumba cha Nne

Pete ya kutu kwenye choo cha chumba cha nne ilikuwa vuguvugu, kama ngozi ya mtu. Kyalo aliigusa, akaguna, akapuuza. Yeye? Doa limtishe yeye?

Maji ya kisima yenye chumvi yalikuwa yamechafua vyoo vyote vya ile lojing'i ya wageni pale Eastleigh, na Kyalo alijitangaza daktari wao. Unakausha choo, unamwaga siki iliyochemka, unaiacha ilambe, kisha jiwe la kusugulia linamaliza kazi. Tusimnyime sifa zake, dawa ilikuwa kali.

Mwenye lojing'i, Mahad, alimpa sharti moja tu. "Kijana, kabla ya kumwaga cha moto, gonga, taja jina la Mungu, ungoje kidogo. Humo kuna wenyewe. Wapishe."

Mahad alipogeuka, Kyalo alimkonyezea Eve, mwenzake wa usafi, aliyekuwa na mwanawe mgongoni. "Choo nikipigie hodi? Kwani kuna mtu ameketi humo na gazeti?"

"Baba Nzembi, mdomo wako utakuponza!" Eve akaenda kujaza ndoo, akicheka.

Kyalo akamwaga.

Kilio kilitoka chini ya bakuli, chembamba, cha mtoto mchanga, kikakatika ghafla. Ikabaki harufu ya nywele zilizoungua. Bakuli liling'aa kama jino. Mahad alipouliza, Kyalo alijibu, "Niligonga, bosi," bila kumtazama usoni.

Asubuhi iliyofuata, nyumbani Ziwani, bintiye mchanga, Nzembi, aliamka na pete ya kutu kifundoni mwa mguu, ngumu kama ukoko wa birika. Mkewe Mwongeli alisugua kwa sabuni, kwa mafuta, kwa machozi. Pete ikapanda gotini. Mtoto alinyonya bila kushiba, midomo imemkauka.

"Baba Nzembi, umetuletea nini?" Mwongeli alinong'ona.

Mahad alipoona picha ya mguu kwenye simu ya Kyalo, alimwita Sheikh Mumin. Mchana ule ule yeye na Kyalo wakajifungia naye katika choo cha chumba cha nne, na sheikh aliposoma, maji yalianza kupanda polepole, mekundu ya kutu, yakigonga ukingo wa bakuli kama kucha, harufu ya nywele zilizoungua ikawajaa puani, na kutoka kwenye bomba ikaja sauti ya mwanamke aliyelia mpaka koo likakauka, ikiuliza neno lile lile, ikiuliza tena, "Nani amemchoma mwanangu?"

"Sema kweli, umwombe radhi," sheikh alinong'ona. "Mama mfiwa anataka hilo tu."

Mahad alimtazama Kyalo. Nje, Eve alikuwa akipiga deki, akiimba wimbo wa kanisani.

"Ni... ni Eve," Kyalo alisema.

Maji yakashuka kwa mkupuo mmoja, kama kitu kilichomezwa. Simu ikalia. "Imebanduka!" Mwongeli alikuwa akilia kwa furaha. "Baba Nzembi, imebanduka yote!" Kyalo alijaribu kucheka.

Kesho yake alimkuta Eve akimngoja mlangoni mwa lojing'i, ameshusha mtoto mgongoni. Mtoto alikuwa kimya, kinywa wazi, akilamba hewa.

"Baba Nzembi, si wewe ndiye daktari wa madoa?" Eve alitabasamu kwa woga, akainua mguu mdogo. "Hebu niangalizie hili."

Kyalo aliligusa. Lilikuwa vuguvugu.